Kizibo Nilichokirudisha Nyuma

Saumu mwanangu,

Saa hizi uko Malindi na baba yako, mnazunguka nyumba za shangazi zako kuagana, na najua hamtarudi kabla ya magharibi, maana hakuna shangazi yako hata mmoja anayejua kuaga kwa neno moja. Mimi nimebaki hapa Marereni kwa kisingizio cha kukufungia mizigo. Mizigo nilishaifunga tangu asubuhi. Nilitaka kubaki peke yangu na kalamu.

Habari za chandarua, za baridi ya bara, za kutolala na njaa kwa kuona haya kuomba chakula, sitaziandika. Umezisikia wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia maneno mdomoni. Ninalotaka kukwambia hujalisikia hata mara moja. Ningekuwa na moyo mgumu kidogo tu ningekwambia miaka ile ile, ukiwa na umri wa kulia na kusahau. Sikuwa nao. Kwa hiyo unalipata leo, mtu mzima, kesho unasafiri.

Jana baada ya dua, watu walipokuwa wanakula, bibi yako alikuuliza utakwenda kusomea nini huko chuoni. Ukamwambia ualimu wa sayansi. Akakuuliza sayansi inafundishwaje mpaka mtoto aipende, naye hakuipenda alipofundishwa. Ukainuka, ukaenda chumbani, ukarudi na ubao wangu wa mabwawa umeukumbatia. Sikujua kuwa ulishaufunga kwenye mizigo yako. Ukawaeleza mchezo wote, vizibo na kadi na misumari, vizuri kuliko ninavyoueleza mimi. Kisha ukasema, na maneno yako ninayo kama ulivyoyatoa: "Mama alinirudisha nyuma mbele ya darasa zima, mimi mwanawe wa kumzaa, na hakuniambia kosa langu ni lipi. Nikalitafuta mwenyewe mpaka nikalipata. Siku hiyo ndiyo niliyojua nataka kuwa mwalimu kama yeye."

Watu wakasema mashallah. Shangazi yako mkubwa akanipiga bega, akasema mimi nimezaa. Nami nikacheka, Saumu. Nilicheka pamoja nanyi na sahani ya pilau mkononi. Usiku mzima sikupata usingizi kwa ajili ya kicheko kile.

Kizibo chako nilikirudisha nyuma bila kuona kosa lolote. Wewe umejenga maisha yako juu ya siku ile, na kesho unauchukua ubao ule ukautundike mbele ya watoto wa watu. Siwezi kukuacha uondoke nao hivyo.

Acha nianze mbali kidogo. Si kwamba nakwepa, ingawa nakwepa pia.

Nilipoletwa kufundisha hapa nilikuwa mwalimu mbaya. Nilitoka mjini Malindi na mtandio wangu uliopigwa pasi na maandishi yangu mazuri, nikasimama mbele ya watoto ambao mama zao na baba zao ndio wanaovuna chumvi, nikawasomea kitabuni maana ya maji kugeuka mvuke. Wakanakili. Mabwawa ya chumvi yanaonekana pale dirishani, ukinyoosha shingo tu. Sikuinyoosha. Siku moja nikawauliza: maji ya bahari yakianikwa juani mpaka yaishe, kinabaki nini? Darasa zima likaanza kupekua madaftari. Mtoto mmoja wa nyuma, miguu yake myeupe kwa chumvi mpaka magotini kwa sababu alikuwa akimsaidia mamake kabla ya shule, akainua mkono. Akaniambia, "Mwalimu, hilo hatujaliandika."

Nilimsimulia baba yako jioni ile kama kichekesho. Unamjua baba yako, mtu wa maneno machache. Kazi yake yenyewe, kufungua na kufunga milango ya maji kati ya bwawa na bwawa, haitaki maneno. Hakucheka. Alisema, "Watoto wa chumvi unawauliza chumvi, wanaogopa kujibu. Basi umewatisha." Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwomba anieleze kazi yake, mara ya kwanza tangu anioe.

Akanieleza kwa vipande vya mkate mezani. Maji ya bahari huingizwa kwanza bwawa kubwa, yakapigwa na jua, yakapungua. Yakahamishiwa bwawa la pili, yakakolea. La tatu, la nne, la tano. Hayaruki hata moja. Mpaka yafike bwawa la mwisho, na hapo ndipo chumvi inapoanza kuonekana chini, nyeupe. Nikamwambia, "Baba Saumu, huo ni mchezo." Akaniambia huo ni mgongo wake unaouma, lakini nikitaka mchezo nichukue.

Ndipo nilipochora ubao. Mabwawa sita, rangi ya samawati inayofifia mpaka nyeupe, misumari chini ya kila bwawa, na kwa kila mwanafunzi kizibo cha soda kilichoandikwa jina. Kujibu swali la mtihani hakukupandishi. Kukariri hakukupandishi. Kilichokupandisha bwawa moja ni kadi iliyoanza kwa neno "Nimeona", na chini yake kitu ulichokiona mwenyewe kwa macho yako, ukakipima, ukakirudia. Wewe ulikuwa darasa la tatu wakati huo, ukija kupita dirishani kutazama vizibo vya wakubwa. Unakumbuka yule aliyekaa juani siku nzima akipima kivuli cha mlingoti wa bendera? Alikuwa mtoro mkubwa. Baada ya kadi ile hakuhesabika tena katika watoro.

Kanuni moja niliipenda kuliko zote, nami ndiye niliyeitunga nikaisifu mwenyewe: mwalimu akiona kosa katika kadi, anakirudisha kizibo bwawa moja nyuma, na hasemi kosa liko wapi. Mtoto alitafute. Niliona huo ndio ufundi wa mchezo wenyewe, kwamba mtoto ajifunze kujikagua. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kanuni ile inamtaka mwalimu awe mkweli kuliko watoto wote, kwa sababu hakuna wa kumuuliza.

Ukaingia darasa la saba, darasa langu. Shuleni ukaniita mwalimu na nyumbani mama, na hukukosea hata siku moja kubadilisha. Muhula wa pili nikatangaza kuwa atakayefika bwawa la chumvi wa kwanza ndiye atakayetuwakilisha Kilifi, kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Wiki ya mwisho mlibaki wawili tu bwawa la tano, wewe na Dama, rafiki yako wa chanda na pete, mliyekuwa mnakula kiazi kimoja mkagawana na ganda.

Kadi yako ya mwisho ninayo hapa mezani. Niliitunza. Mwandiko wako wa utoto, herufi zote zimelalia upande mmoja: "Nimeona maji ya chumvi yakikawia kukauka kuliko maji matamu." Siku nne ulianika sahani mbili za bati pale uani, kipimo kimoja cha maji kila sahani, ukichora alama kwa msumari kila adhuhuri. Ukarudia siku nne nyingine. Mimi nilikuwa naanika nguo kamba ile ile, nikizikwepa sahani zako nisizikanyage. Niliona kila kitu.

Ijumaa asubuhi ukaileta kadi. Nikaisoma, nikakuangalia, nikakitundika kizibo chako bwawa la chumvi. Wenzako wakakupigia makofi, Dama naye akapiga, ingawa uso ulimshuka. Saa nne nikaenda kunywa chai ofisi ya walimu.

Wiki ile ile tulikuwa tumekutana na wazazi. Mamake Dama, aliyekuja moja kwa moja kutoka kubeba chumvi, mtandio umekauka chumvi mabegani, aliuliza mbele ya watu: "Huo ubao wa mwalimu, mbona mwanawe anapanda tu kila siku? Sisi wetu hawana macho ya kuona?" Hakuwa na kosa, mama wa watu. Alikuwa anamtetea mwanawe, kazi ambayo mimi ilinishinda siku nne baadaye. Nilimjibu kwa upole, nikaondoka na mwiba. Sasa Ijumaa, kikombe kiko mdomoni, mwalimu mmoja akasema bila hata kuniangalia, akikoroga chai yake, "Ah, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Wenzake wakacheka kidogo. Cheko la puani tu. Wala hawakuendelea, wakageukia habari za ratiba.

Hilo tu. Ningependa kukwambia nilitishiwa kazi, au niliitwa na wakubwa nikasailiwa. Hakuna. Methali moja na watu watatu wakicheka puani.

Mimi ni mtu wa mdomo, unanijua. Dalali wa samaki hanishindi kujibu. Siku ile nilinyamaza, na mtu wa mdomo akinyamaza jua kuna jambo baya analipika. Watoto walipokwisha kwenda nyumbani nikaingia darasani, nikasimama mbele ya ubao. Nikajiambia, Saumu ni mwanangu, ataelewa. Nikajiambia, mtoto wa mwalimu lazima apitie pagumu kuliko wengine, ndiyo faida yake. Nikajiambia, pengine nimeisoma kadi vibaya. Hilo la tatu nililisema kwa sauti, peke yangu, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha nikakitoa kizibo chako bwawa la chumvi, nikakirudisha la tano.

Jumamosi na Jumapili tulikaa nyumba moja, tukala sinia moja, nami sikusema neno. Jumatatu ukaingia darasani, ukakiona. Niliona mgongo wako tu. Hukugeuka kunitazama. Ningekuona umekasirika ningepona, maana hasira yako ningeijua pa kuipeleka. Ulichofanya ni kufungua daftari lako palepale na kuanza kusoma upya, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno.

Ulitafuta siku tatu. Nyumbani nilikuona umechuchumaa uani na sahani mbili tupu, unazigeuza, unazigeuza tena. Mara moja nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Ukainua uso ukaniambia, "Usiniambie, mama. Kanuni ni kanuni." Nikaufunga. Ulikuwa unanilinda nisivunje sheria yangu mwenyewe.

Alhamisi ukanifuata mlangoni pa darasa, macho yanang'aa. "Mwalimu, nimelipata kosa langu. Sahani ya maji ya chumvi ilikuwa inafikiwa na kivuli cha mpapai." Ukanipa kadi mpya: "Nimeona maji ya chumvi na maji matamu yakikauka sawasawa." Hii nayo ninayo hapa. Nayo inaanza kwa "Nimeona". Hukuona kitu kama hicho. Hakuna mtu aliyewahi kukiona, kwa sababu hakipo. Na kivuli cha mpapai hakikufika pale hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa naanika nguo, ningejua.

Nikatoa kalamu nyekundu. Nikakutia alama ya vema. Nikaandika, na ninaisoma hapa, "Vizuri sana. Umejisahihisha."

Huko nyuma Dama alikuwa ameshaleta kadi yake, akafika bwawa la chumvi, akaenda Kilifi. Na Ijumaa kwenye paredi mwalimu mkuu akanisimamisha mbele ya shule nzima, akasema, "Mnamwona mwalimu huyu? Hana upendeleo. Hata mwanawe wa kumzaa hakumwonea haya." Makofi yakalia. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Mwanangu, nisikufiche hata hili, moyo wangu ulikuwa mtamu. Nilikutafuta kwenye mstari nikakuona nawe unapiga makofi, umenyanyua mikono juu ili nikuone.

Baba yako alijua kabla ya mwezi kwisha. Unakumbuka usiku ule tulipokula wali na papa, akataja kuwa mabwawa ya mwisho yamezidi kukolea, maji hayataki kuisha? Ukamwambia, "Lakini baba, maji ya chumvi na matamu hukauka sawasawa." Akakuangalia. Mtu aliyezeeka na maji yale, ngozi ya vidole imemchubuka kwa ajili yake. Akakuambia kwa upole, "Hapana mama, yakizidi chumvi hukawia. Hilo hata mimi nisiyesoma nalijua." Ukasema, "Niliona mwenyewe, baba. Mwalimu alinipa vema." Hukusema mama, ulisema mwalimu. Baba yako akanigeukia, na mimi nikaomba nipitishiwe mchuzi wa chukuchuku.

Ulipoinuka kwenda kuosha vyombo akaniuliza, "Mama Saumu, umemfanya nini mtoto?" Nikamjibu kwa ukali kuwa mambo ya darasani asiyaingilie. Hajayaingilia tena mpaka leo. Lakini ndiye aliyeniambia asubuhi hii, akivaa viatu mwende Malindi, "Nitamchelewesha huko mpaka magharibi. Fanya lako."

Nilidhani litapita. Mtoto husahau, nilisema. Ukaenda sekondari, na mwaka wa pili mwalimu wako wa kemia akaniita. Akanionyesha karatasi yako ya majaribio. Kila mahali ulikuwa umeandika jibu, ukalifuta, ukaandika jingine. Akaniambia, "Mama, angalia hapa chini ya ufutio. La kwanza ndilo sahihi. Binti yako anasoma kipimo vizuri kuliko darasa zima, halafu anachungulia kwa jirani anabadilisha. Nani alimtia woga huu?" Nikamwambia sijui. Njiani nikakuuliza, ukanijibu, "Wenzangu watano wamepata hivyo, mama. Mimi ni nani nipate peke yangu?" Nikakuambia jiamini. Neno jiamini nililitamka mimi, mdomo huu huu. Mtu aliyekutoboa ngoma ya sikio anakuambia sikiliza.

Mtihani wa mwisho ulipotoka tukasema alhamdulillahi, umepata chuo. Ni kweli alhamdulillahi. Lakini mimi peke yangu ndiye niliyejua ulifuta mangapi.

Sasa la Dama. Hili ni la leo asubuhi, na ndilo limenichelewesha kuandika.

Nilipoamka niliona siwezi kukwambia wewe kabla sijamwambia yeye, maana alipewa safari isiyokuwa yake bila kujua. Ndivyo nilivyofikiri. Nikaenda pale sokoni anaposhona. Aliacha cherehani, akaniamkia shikamoo mwalimu, akanipa kigoda. Nikamwambia yote, bila kupamba. Alisikiliza akizungusha uzi kidoleni. Nikamaliza, akasema, "Mwalimu, mimi nilijua."

Nikamuuliza alijuaje. "Nilikuwa nakuja kwenu kila adhuhuri kuziangalia zile sahani na Saumu. Zote zilikuwa juani. Alipopoteza kizibo alinifuata akaniuliza, Dama, kwani haikupata kivuli? Nikamwambia, labda." Akaukata uzi. Kisha akasema, "Nilitaka kwenda Kilifi. Sijawahi kulala nje ya Marereni. Nikasema labda."

Wewe umekuwa ukiniuliza miaka yote hii Dama alikukosea nini mpaka mkaachana, au wewe ulimkosea nini. Nikakujibu kuwa urafiki wa utoto ndivyo ulivyo, hupungua. Hukumkosea kitu. Alishindwa kukuangalia usoni. Neno moja alilisema akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na likamtenga nawe, kwa sababu mimi mtu mzima mwenye kalamu nyekundu nilitangulia kusema uongo, naye akaufuata. Nilikwenda pale kuomba radhi kwa mtoto niliyempa asichostahili, nikakuta nimewafunga wawili kamba moja. Ameniomba aje kukuona leo baada ya swala. Sikumkubalia wala sikumkatalia, nimemwambia ni juu yako. Akaniambia, "Basi mwambie nitakaa hapo nje mpaka aniite au anifukuze." Ana ujasiri kunishinda, Dama.

Najua utauliza kuhusu ubao. Uchukue. Mchezo haukuwa mbaya; nimeona watoto wakikimbia kuja shule kwa ajili yake, na wengine hawajapata tena sababu ya kukimbilia shule. Kibaya kilikuwa mkono uliokuwa na ruhusa ya kurudisha kizibo bila kueleza. Ile kanuni ifute. Ukimrudisha mtoto, mwambie kwa nini, na umwache abishe, na akikushinda kwa hoja mbele ya wenzake adhabu iwe yako, yaani uwe na kizibo chako hapo ubaoni nacho kirudi nyuma. Utaona kinavyouma. Mimi sikuwa na kizibo, ndiyo maana sikujua.

Na siku ukiwa na mwanao darasani, watu watasema. Watasema ukimpandisha, watasema ukimshusha. Wazee walinena mchelea mwana kulia hulia yeye, nikadhani mimi nimeishika methali ile barabara, mama asiyechelea. Kumbe niliokuwa nawachelea ni watu. Wao walimaliza chai yao wakasahau. Yule aliyesema methali ya ngoma alihamishwa mwaka uliofuata, na nikikutana naye leo hakumbuki hata rangi ya ubao.

La kuvunda halina ubani, nami nimelifukizia miaka. Nilikununulia vitabu, nilikusifu kwa wageni, nilikutetea hata ulipokuwa na makosa ya kweli. Ulikuwa unashangaa kwa nini mama mkali hivi kwa wengine hakugombezi wewe. Ndiyo hiyo sababu.

Sikuombi unisamehe leo. Ukinisamehe upesi nitaogopa, nitajua umefuta tena jibu lako ukaandika la jirani. Kama una hasira, iandike hivyo hivyo, iache.

Nasikia mlango wa uani. Ni nyinyi, baba yako anakohoa kikohozi chake cha kunipa habari. Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii kwenye begi, chini ya nguo, uisome huko bara mahali usipoweza kuniuliza kitu. Uoga ule ule, umebadilisha kanzu tu. Nakuja kukupa mkononi, na kadi zako mbili ndani yake, ile ya kwanza na ile niliyoitia vema. Nitakaa hapo mbele yako mpaka umalize kusoma. Ukinyamaza nitanyamaza nawe. Ukiniuliza kwa nini, sitakutajia maneno ya watu. Nitakwambia niliyataka makofi yale, nikakutoa wewe ili niyapate.

Sahani zote mbili zilikuwa juani. Uliangalia vizuri, ulipima vizuri, uliandika vizuri. Saumu, hukukosea.

Mama yako